Bordeaux mwezi wa sita au Bad Dürkheim mwezi wa tisa: tamasha lipi la waini uende?

Ukiwa huku Ulaya na una wikiendi moja tu ya kuchezea, na unataka kuona haya matamasha ya waini na misosi ya nje yakoje, majina mawili ndo yanatajwa sana: Bordeaux kule Ufaransa mwezi wa sita, na Bad Dürkheim hapa Ujerumani mwezi wa tisa. Yote makubwa, yote ya nje, yote watu wanakula wanakunywa wanasikiliza muziki mpaka usiku, na ukiangalia picha tu utasema aah ni kitu kilekile bora niende la karibu. Siyo kitu kilekile hata kidogo. Na tofauti haianzii kwenye waini yenyewe wala ukubwa wa tamasha, inaanzia kwenye glasi. Ukishajua glasi utakayoshika ina ukubwa gani na unailipiaje, siku nzima umeshaijua: utakaa au utatembea, utaongea na nani, utarudi na akili zako au utarudishwa.

Tuanze na Bordeaux. Tamasha lao linaitwa Bordeaux Fête le Vin, limeanza 1998, na liko palepale mjini kwenye kingo za mto Garonne, siyo shambani kama wengi wanavyodhani. Kupita kutembea huzuiwi, ila ukitaka kuonja unanunua pasi, na pasi inakuja na glasi ya kuonjea pamoja na kimfuko cha kuivaa shingoni ili mikono ibaki huru. Mabanda yamejipanga kando ya mto karibu kilomita 2, na kila banda lina eneo lake: hapa Médoc, mbele kidogo Graves, huku Saint-Émilion na majirani zake, pale waini nyeupe, kule zile tamu za Sauternes. Unafika, unachagua, wanakumiminia kidogo, onjo moja linatoka kwenye pasi, unasogea. Pasi ina idadi yake ya maonjo, yakiisha yameisha.

Bad Dürkheim sasa. Hakuna geti la tiketi, hakuna pasi, unaingia kama unavyoingia sokoni. Na kweli jina lake ni soko, Dürkheimer Wurstmarkt, soko la soseji, jina lililoshika tangu 1832 kwa jinsi soseji zilivyokuwa zinaliwa pale. Usidanganyike na jina lakini, hii ndo inatajwa kuwa sherehe kubwa kuliko zote za waini duniani, watu zaidi ya 600,000 kila mwaka kwenye kamji ambako wenyeji wake hawafiki 20,000. Unatafuta benchi, unakaa, unaagiza, na kinacholetwa ni dubbeglas, yaani glasi nene ya nusu lita, pana juu imebana chini, ubavuni ina vibonyeo vya duara vya kuingiza vidole. Wenyewe watakwambia vimewekwa ili glasi isiteleze ukiwa na mafuta ya soseji mkononi, na ukishaishika baada ya kula utaamini.

Nusu lita ya waini! Hapo ndo wengi wanashtuka na kusema basi Dürkheim ni ya walevi, Bordeaux ni ya wastaarabu. Ngoja tupige hesabu kwanza. Onjo la kawaida la waini popote ni kama sentilita 5 hivi. Ukipita mabanda 10 ukameza kila ulichomiminiwa, umekunywa nusu lita. Ileile. Kwa waini ya asilimia 12 hiyo ni karibu gramu 47 za pombe tupu mwilini, uwe umeinywa kwa maringo kando ya Garonne au umekunywa kwenye benchi la Wajerumani. Tofauti ni kwamba Bordeaux hakuna anayekuona umekunywa nyingi, hata wewe mwenyewe hujioni, kwa sababu kila mara ni kidogo na kila mara umesimama unatembea. Halafu Dürkheim ile glasi mara nyingi siyo yako peke yako, inazunguka meza, unapiga funda unampasia wa pembeni, na watu wengi kwanza hawanywi waini tupu bali wanakunywa Schorle, waini iliyochanganywa na maji ya gesi. (Ila Wapfalz, yaani watu wa eneo hilo la Pfalz, mkono wao wa maji ni mfupi sana, usitegemee nusu kwa nusu.) Kwa hiyo anayekwenda Bordeaux akijiona salama kwa sababu ya ukubwa wa glasi ndo huyo jioni unamkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara anatafuta simu ambayo ameishika. Wataalamu wa kuonja wanatema, na mabandani huwa kuna chombo cha kutemea, siyo matusi wala ushamba, kitumie.

Benchi na kaunta

Hili ndo la msingi kabisa kwangu na ndo ningemuuliza mtu kabla hajakata tiketi ya treni: wewe unataka kujifunza waini au unataka kukaa na watu?

Kule Dürkheim sehemu ya kwenda ni kwenye vibanda vya Schubkärchler, viko 36. Historia yake ni kwamba karne ya 15 mahujaji walikuwa wanapanda kilima cha Michaelsberg kwenda kwenye kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli, na wakulima wa zabibu nao wakaona hii biashara, wakawa wanasukuma mapipa yao kwa matoroli mpaka huko kuwauzia. Toroli limebaki kwenye jina tu, ila ule ufinyu umebaki wote. Vibanda ni vidogo, turubai juu, meza ndefu nyembamba ajabu, sahani mbili zikikaa mkabala zinagusana, na benchi nalo kajiubao tu. Sasa hapo hata ukitaka kujitenga hutaweza, goti lako linagusa goti la mzee wa mbele yako na kiwiko chako kiko kwenye mbavu za jirani. Akitaka kutoka mmoja wa katikati wanasimama sita. Ndo maana watu wanaongea. Mjerumani huyuhuyu ambaye kwenye treni anahama siti ili asikae karibu na wewe, hapa anakusukumia glasi yake uonje kabla hajakuuliza jina. Kijerumani chako kiwe cha kuombea maji tu haijalishi, na wao wenyewe wanaongea Kipfalz ambacho hata Mjerumani wa Hamburg anakisikia nusu.

Bordeaux hakuna benchi la namna hiyo. Ni kaunta. Unasimama, nyuma ya kaunta mara nyingi yuko mkulima mwenyewe au mtu wa eneo hilohilo, na ukimuuliza swali la maana atakujibu kwa furaha, mbona hii inakausha mdomo, mbona ile ina harufu ya mbao, hii ni Merlot zaidi au Cabernet Sauvignon zaidi (hizo ni aina za zabibu). Ila una dakika mbili, nyuma yako kuna foleni. Ukifika umejiandaa unavuna sana, ukifika mtupu unatoka umekunywa vitu vyekundu vingi vinavyofanana. Jiandae hata kidogo tu: kushoto kwa mto, Médoc na Graves, Cabernet inatawala na waini inakuwa ngumu inayokamata ulimi, kulia kwa mto, Saint-Émilion na Pomerol, ni Merlot zaidi na inakuwa laini zaidi. Ukienda na hilo moja tu kichwani ukaonja mbili za kushoto na mbili za kulia zikifuatana, umeshalipia pasi yako. Na kama unataka zaidi, chuo chao cha waini, École du Vin, huwa kinaendesha vipindi vifupi palepale tamashani, unakaa chini unafundishwa kuonja, ni pumziko zuri la miguu pia.

Kwa hiyo anayekwenda peke yake bila rafiki, mimi nampeleka Dürkheim bila kufikiria mara mbili. Bordeaux peke yako inawezekana ila utatembea na glasi yako shingoni kimya kimya siku nzima. Wapenzi wawili, Bordeaux. Kikundi cha watu nane hivi hapo inakuwa ngumu kidogo, maana Dürkheim ndo raha yenu ila nafasi ya watu nane kwenye kibanda siku ya Jumamosi jioni hamtaipata, mfike kabla ya saa sita mchana mkalie benchi na msiinuke wote kwa pamoja.

Kuna watakaosema Dürkheim hakuna waini nzuri, ni ya kulewea tu. Uongo. Pfalz ni eneo la pili kwa ukubwa Ujerumani kwa mizabibu, linatanguliwa na Rheinhessen tu, na Riesling yao, waini nyeupe ya zabibu yenye jina hilohilo, ni kitu serious kabisa. Kama nusu lita inakukera, palepale uwanjani kuna kijiji cha waini, Weindorf, huko wanamimina kwenye glasi ndogo za kistaarabu na chupa zao ni za daraja la juu zaidi, watu wanakaa wanaongea kwa sauti ya chini. Kwa hiyo Dürkheim unaweza kupata kibordeaux-bordeaux kidogo ukitaka, ila Bordeaux huwezi kupata benchi la Dürkheim hata ulipe.

Tamu au kavu

Hapa niseme na sisi tuliokulia kwenye waini tamu ya Dodoma. Ukienda Bordeaux ukaanza moja kwa moja na nyekundu ya Médoc saa saba mchana juani utakunja uso na utasema tumedanganywa. Bordeaux nyekundu ni kavu, na joto likiwa kali inapanda pombe puani tu. Mpangilio unaofanya kazi ni kuanza na crémant, ile yenye mapovu, halafu nyeupe za Sauvignon Blanc na Sémillon, halafu clairet, ambayo ni nyekundu nyepesi kama rosé iliyokolea na ni ya kwao hasa, nyekundu nzito uziache kwa jioni ukiwa na jibini au nyama mkononi, na onjo la mwisho la pasi umalizie na Sauternes. Sauternes inatokana na zabibu zilizoliwa na ukungu fulani mpaka zikasinyaa na sukari ikajikusanya, ni tamu kama asali na siyo ya bei rahisi, na mtu wa Dodoma hapo ndo atakapotabasamu.

Dürkheim unatamka neno moja tu kaunta: "trocken" ni kavu, "halbtrocken" iko katikati, "lieblich" ina utamu. Ukisema lieblich hakuna atakayekucheka. Nyekundu yao maarufu ya pale ni Dornfelder, nyeusi tii kwa rangi ila haikabi sana. Halafu mwezi wa tisa ndo msimu wa Federweißer, juisi ya zabibu ambayo bado inachacha, ina mawingumawingu, tamu, mapovu, inashuka kama soda. Hiyo ichunge. Utamu unaficha pombe, na kwa sababu bado inachacha inaendelea na kazi yake tumboni, wanaojua wanakunywa glasi moja na kipande cha keki ya vitunguu basi. Ukinunua chupa ya kupeleka nyumbani ibebe imesimama wima, kizibo chake hakifungi kabisa kwa makusudi maana ingefungwa ingepasuka, ukiilaza kwenye begi umelowesha kila kitu.

Misosi

Kwa chakula wengi wanadhani Mfaransa anashinda kirahisi, mimi sikubali sana. Bordeaux utapata chaza wa Arcachon, bahari yao iko karibu, wanafunguliwa mbele yako na ndimu na mkate na siagi, na ukiwanywea nyeupe ya Graves unaelewa kwa nini hawa watu wanajisikia. Kuna bata, kuna jibini za kila namna, na kuna cannelé, kakeki kadogo kalikoungua nje kwa sukari na ndani laini kama uji mzito, kana vanila na rum, asiyetaka pombe kabisa alijue hilo. Tatizo ni kwamba sahani ni ndogo na shughuli yenyewe ni ya kutembea, kwa hiyo unadonoadonoa, na mtu anayedonoadonoa huku anaonja waini ndo huyo anayeishia kwenye ukingo wa barabara.

Dürkheim unakula ukashiba. Soseji za kuchoma na mkate, viazi, maandazi yao ya mvuke yanaitwa Dampfnudel ambayo chini yamekaangwa na chumvi yakashika ukoko, na mchuzi wa vanila au wa waini juu, hicho ni chakula cha kumwandikia mtu barua. Halafu mfalme wa huko, Saumagen: tumbo la nguruwe linajazwa nyama, viazi na viungo, linachemshwa, linakatwa vipande kama mkate na kukaangwa. Helmut Kohl, aliyekuwa Chansela, alikuwa mtu wa Ludwigshafen hapo karibu, na Saumagen hiyo aliwalisha wageni wake wakubwa akiwemo Margaret Thatcher. Sasa, asiyekula kitimoto hapa ana shughuli. Soseji ni nguruwe, Saumagen ni nguruwe, ile mikate myembamba ya Flammkuchen mara nyingi ina vipande vya bekoni juu, hata viazi wakati mwingine vimekaangwa na bekoni. Inabidi uulize kila kitu. Utabaki na Dampfnudel, chapati za viazi na mchuzi wa tufaha, chipsi, lozi zilizokaangwa na sukari, keki ya vitunguu pia uliza kwanza maana wengi wanatia bekoni. Kwa mtu huyo Bordeaux ni rahisi zaidi bila ubishi, kuna samaki, chaza na jibini na hahangaiki.

Asiyekunywa na mwenye watoto

Kuna watu wanaburuzwa na wenzao, nao wana haki ya siku nzuri. Asiyekunywa asinunue pasi ya Bordeaux, atembee tu bure, mji wenyewe unatosha, sehemu kubwa ya katikati iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2007, na palepale mbele ya Place de la Bourse kuna Miroir d'eau, uwanja wa mawe wa mita za mraba 3,450 wenye maji ya sentimita 2 tu juu yake. Watoto wanakimbia humo mpaka wanachoka wenyewe, beba nguo za kubadilisha. Ila watoto wakishatoka kwenye maji hawana kingine, mabanda ya waini hayawahusu, na kilomita 2 za kusukuma kigari cha mtoto kwenye umati ni adhabu.

Dürkheim nusu ya uwanja ni mabembea na magurudumu makubwa na vile vyombo vya kukurusha juu hewani ukapiga kelele. Mtoto hatajua hata kama kuna waini. Na asiyekunywa ana juisi ya zabibu ya kweli iliyokamuliwa hukohuko, wanaichanganya na maji ya gesi na ukiwa nayo mkononi hakuna anayejua umeshika nini, jambo ambalo kwenye benchi lile linakuokolea maelezo mengi. Jirani na uwanja kuna lile pipa kubwa, Riesenfass, limejengwa 1934, lina ujazo wa lita 1,700,000 na halijawahi kutiwa waini hata siku moja, ndani ni mgahawa. Watoto wanapenda kupigwa picha pale, na kusema kweli wakubwa pia.

Kumbuka umri, Ujerumani sheria inaruhusu waini na bia kuanzia miaka 16, Ufaransa ni 18. Ukiwa na kijana wa miaka 17 hilo tu linaweza kuamua mgogoro wa familia nzima.

Hela, hali ya hewa na kurudi

Sitaji bei kwa sababu zinabadilika kila mwaka, lakini umbo la matumizi halibadiliki. Bordeaux unalipa kwa mkupuo mwanzoni, halafu unajua umelipia maonjo mangapi na huwezi kuvuka bila kuamua kuvuka. Dürkheim unaanza na sifuri, unaona ni bure, halafu inaondoka kidogo kidogo, glasi moja hapa, soseji pale, mtoto anataka bembea tena, na zamu yako ya kununulia meza ikifika huwezi kugeuka kuangalia mawingu. Juu ya glasi kuna amana, unarudishiwa ukiirudisha. Beba keshi ya kutosha Ujerumani, kadi siyo ya kutegemea kila kibanda. Anayejijua mkono wake hauna breki achague Bordeaux, pasi itambana.

Kwa jumla ya safari nzima lakini Bordeaux ndo inakula hela, kwa sababu ya kulala. Mji unajaa, hoteli zinapanda, na treni ya kasi kutoka Paris ni kama saa mbili tu lakini tiketi ukichelewa kununua inauma. Kwa aliyeko Ujerumani mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mkoa, tramu na mabasi nchi nzima, kwenda Dürkheim nauli umeshalipa, unafika Mannheim kwa treni za mkoa halafu kuna tramu inayokwenda kupitia Ludwigshafen mpaka Bad Dürkheim kwenyewe. Wenye vibali vya ukaazi vya nchi yoyote ya Schengen hawahitaji viza ya kuvuka kwenda huko kwingine, mradi ni matembezi yasiyozidi siku 90 ndani ya 180, ila tembea na pasipoti pamoja na kadi, siyo kadi peke yake.

Hali ya hewa, Bordeaux mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mchana hauishi, na joto likiamua linapita nyuzi 35 na gati la mawe halina kivuli. Kofia, maji, na usianze kabla ya saa kumi jioni kama huna sababu. Dürkheim mwezi wa tisa mchana ni mzuri tu halafu jua likizama kabla ya saa mbili baridi inashuka ghafla, chukua sweta hata kama mchana umevaa tisheti.

Na gari liache nyumbani kote kuwili. Ufaransa na Ujerumani kikomo ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, Ujerumani dereva mpya na aliye chini ya miaka 21 ni sifuri kabisa, na ukisababisha ajali hata ukiwa na 0.3 unaingia kwenye kesi. Ukirudi kwenye ile hesabu ya nusu lita utaona watu wengi wameshavuka kabla jua halijazama, iwe kwa maonjo iwe kwa dubbeglas.

Kwa walioko nyumbani

Mtu aliyeko Dar au Nairobi akisoma haya atasema viza ya Schengen kwa ajili ya waini, kweli? Sawa, basi kuna la tatu, Franschhoek Afrika Kusini, wao wana sherehe ya Bastille, sikukuu ya taifa ya Ufaransa, mwezi wa saba karibu na tarehe 14. Mabonde yale walifika Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, kuanzia 1688 na zabibu zao, ndo maana mashamba mengi yana majina ya Kifaransa. Ni chini ya kilomita 100 kutoka Cape Town, Mkenya na Mtanzania anaingia bila viza mpaka siku 90, watu wanavaa kofia za bere na rangi nyekundu, nyeupe na buluu, wanashindana kuviringisha mapipa, na waini na chakula viko chini ya mahema. Ni sherehe ndogo kuliko hizi mbili na ni ya tiketi. Ila mwezi wa saba Cape ni katikati ya baridi na mvua, yaani neno "nje" pale lichukulie kwa tahadhari, beba koti.

Kati ya haya mawili makubwa, mtu akiniuliza aende wapi mara ya kwanza kabisa bila kuniambia kingine chochote, nitasema Dürkheim, kwa sababu ukiona hupendi unaondoka hujapoteza kitu, na ukipenda Riesling kwa bahati utakuwa na jambo la kwenda kujifunza Bordeaux baadaye. Kinyume chake hakifanyi kazi vizuri, aliyeanzia Bordeaux anafika Dürkheim anaanza kuzungusha nusu lita mbele ya pua kutafuta harufu ya matunda, wenzake wanasubiri ampasie glasi. Ila kama una swali moja tu kuhusu waini ambalo limekusumbua muda mrefu, achana na mimi, nenda Bordeaux.

Ukichagua Dürkheim, sherehe inaanguka wikiendi ya pili na ya tatu za Septemba, ya kwanza inaanza Ijumaa inaisha Jumanne na ya pili Ijumaa mpaka Jumatatu, kwa hiyo mwenye likizo achukue Jumatatu au Jumanne, benchi utapata na wauzaji wana muda wa kuongea. Ukikosa chumba pale mjini usihangaike, lala Mannheim au Neustadt. Tramu ya kurudi panda mapema jioni ikiwa bado ina siti, ya mwisho usiiguse labda uwe umezoea kusimama.